Mashine ya kukata nyasi imegoma: soma dalili, linda mikono

Mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, nyasi za huku hazimsubiri mtu. Nyasi ya kikuyu ya Nakuru inatanda hadi kwenye kuta za nyumba, paspalamu ya Kisumu inafunika vijia, na Kakamega ukikata Jumamosi hii, Jumamosi ijayo kazi iko palepale. Ndipo mashine iliyolala stoo tangu Januari inatolewa, kamba inavutwa, na hakuna kitu. Simu inapigwa: "Fundi, mashine imegoma." Nikiuliza imegoma vipi, naambiwa imegoma tu.

Mashine haigomi tu. Kuna inayokataa kamba isivutike, kuna inayowaka na kuzimika baada ya dakika tano, kuna inayonguruma vizuri lakini inatoa moshi wa rangi, na kuna inayotetemeka mpaka mpini unaumiza viganja. Nyingi ya shida hizi utaziondoa mwenyewe nyumbani kwa spana, kitambaa na petroli safi. Chache ni za fundi, na nitazitaja zikifika. Ninazungumzia mashine ya petroli ya kusukuma, yenye injini ya mipigo minne na kisu kimoja kinachozunguka chini ya bodi, maana ndiyo iliyojaa Milimani ya Nakuru na Milimani ya Kisumu, mashuleni, makanisani na kwenye hoteli.

Chomoa waya wa plagi kwanza

Kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Ukikisukuma kwa mkono ili utoe nyasi zilizoganda, unasukuma pistoni pia, na kama ndani kumebaki petroli na cheche ikapita, injini itapiga. Ikipiga mara moja tu, vidole vimekwenda. Kwa hiyo kabla ya kuilaza mashine, kabla ya kuingiza hata kijiti chini ya bodi, chomoa ile kofia ya mpira iliyo kwenye plagi, kile kifaa kinachotoa cheche ndani ya silinda, na uivute mbali, uifunge kwa kamba ikiwa inarudi karibu yenyewe. Kuzima injini peke yake hakutoshi. Nimewaona watu wenye uzoefu wa miaka mingi wakiingiza mkono chini ya mashine iliyozimwa sasa hivi, kwa sababu ya fungu moja la nyasi, na roho yangu haitulii mpaka mkono ule utoke.

Acha injini ipoe kama robo saa, hasa salensa, ndipo uongeze petroli au uanze kufungua vitu. Ukihitaji kuona chini, inua mashine kwa namna ambayo chujio la hewa na kabureta (panapochanganywa petroli na hewa) vitakaa upande wa juu. Ukiilaza kinyume, oili inaingia kwenye silinda na kwenye chujio, na utakuwa umeongeza shida ya pili juu ya ile ya kwanza. Fanya hivyo tangi likiwa karibu tupu, na mashine iwe nje. Injini ya petroli haiwashwi ndani ya stoo au gereji iliyofungwa, hata kwa kujaribu kidogo tu: moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na inaua.

Kabla ya kuvuta kamba

Mashine mpya ikitoka kwenye boksi, mara nyingi injini haina oili hata tone. Duka halikuibii. Ndivyo zinavyosafirishwa. Mtu akiiwasha hivyo, injini mpya inakufa siku hiyohiyo. Weka SAE 30 au 10W-30, na kwa injini nyingi za aina hii nusu lita na kitu hivi inatosha. Mimina kidogo kidogo, mashine ikiwa mahali tambarare, huku ukipima kwa kijiti chake, usizidishe alama ya juu. Oili ya kwanza ibadilishwe mapema, kati ya saa 5 na 20 za kazi kulingana na kitabu cha injini yako, kwa sababu vyuma vipya vinaposuguana huacha unga ndani yake.

Petroli iwe supa tupu. Wengi huku wana mashine ya begani ya kufyekea vichaka, ambayo petroli yake huchanganywa na oili, na mtungi ni mmoja. Mchanganyiko ule ukiingia kwenye mashine ya kusukuma, moshi unajaa uani na plagi inapakaa masizi. Ukifanya kinyume, yaani petroli tupu kwenye ile ya begani, injini yake inakwama na kuharibika kabisa. Tenga mitungi miwili na uiandike kwa rangi.

Kisha tembea uwanja mzima ukiokota. Nakuru utapata mawe ya volkano yanayotokeza kila baada ya mvua, Kisumu vipande vya nondo na waya wa kufungia kutoka kwenye ujenzi wa jirani, na popote penye mbwa utapata mifupa. Kisu cha sentimita 50 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Jiwe likiguswa na ncha hiyo linatoka likiwa risasi. Watoto wawe ndani ya nyumba, si kwenye baraza wakitazama. Wewe vaa gambuti au viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, miwani ya kazi na vizibo vya masikio. Slipas na akala zibaki mlangoni. Lile bapa la mpira au plastiki linaloning'inia nyuma ya mashine halipo kwa urembo: linazuia mawe yasiipige miguu yako. Likipasuka, lirudishe kabla ya kukata.

Kwenye mteremko, wa Riat pale Kisumu au wa miguuni mwa Menengai pale Nakuru, mashine ya kusukuma hukata kwa kupita kando, kutoka kushoto kwenda kulia, si kupanda na kushuka. Ukiteleza wakati unashuka nyuma yake, unateleza kuelekea kwenye kisu. Mteremko ukizidi nyuzi 15, tumia fyekeo. Wala usiivute mashine kuja kwako ikiwa inazunguka, isipokuwa umetazama nyuma na huna njia nyingine.

Na saa ya kukata ina maana yake. Kisumu na Kakamega mvua hupenda kuja mchana au jioni, na asubuhi umande ni mwingi. Kuanzia saa nne hadi saa saba hivi nyasi zimekauka na mbingu bado ni shwari. Shida nyingi nitakazozieleza hapa chini huanzia kwenye nyasi mbichi zenye maji.

Kamba haivutiki, au inapokonya mkono

Kwanza angalia kama umeshika leva ya usalama, kile chuma chembamba kinachobanwa pamoja na mpini. Bila kukishika, breki imeshikilia injini na kamba itakuwa nzito au haitasogea. Kama umekishika na bado ni ngumu, chomoa waya wa plagi na uangalie chini: nyasi zilizokauka zikiwa matofali zinaweza kukibana kisu kabisa. Zikwangue kwa kijiti cha mbao.

Kama chini ni safi, huenda silinda imejaa oili au petroli kwa sababu mashine ililazwa vibaya. Toa plagi, simama pembeni ya tundu lake, vuta kamba taratibu mara kadhaa mpaka majimaji yatoke, pangusa, rudisha plagi. Itatoa moshi mwanzoni kisha itatulia. Ikiwa plagi imetoka na kamba bado haisogei hata kidogo, injini imekwama ndani. Hiyo ni ya fundi, na swali lake la kwanza litakuwa kuhusu oili.

Kamba inayovutika kisha ikarudi kwa nguvu na kupokonya kishikio ina chanzo tofauti. Chunguza kwanza kama kisu kimelegea, kwa sababu kwenye mashine nyingi uzito wa kisu husaidia injini kuzunguka sawasawa. Kama kimekaza, kumbuka kama juzi mligonga jiwe au kisiki. Chini ya kifuniko cha juu kuna flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, na imeshikiliwa na shafti kwa kii, kipande kidogo cha chuma laini. Kisu kikigonga kitu kigumu, kii ile hukatika au kupinda ili kuiokoa shafti. Ikisogea hata milimita moja, cheche inakuja wakati usio wake, na injini inapiga kinyume. Kii yenyewe ni kitu kidogo, lakini kuifungua flaiwili kunataka kifaa cha kuivuta. Usiigonge kwa nyundo.

Inavutika vizuri lakini haiwaki

Hapa ndipo watu wanapoteza nusu siku na kununua vitu wasivyohitaji. Injini inataka petroli, hewa na cheche. Plagi ndiyo itakayokuambia kipi kinakosekana, kwa hiyo vuta kamba mara tano hivi, kisha itoe na uitazame.

Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Angalia vali ya tangi kama imefunguliwa, bomba kama halijapinda, halafu nenda kwenye kabureta. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, ama umeifurika kwa kuacha choki (kile kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) imefungwa na kuvuta mno, ama hakuna cheche. Ikaushe, fungua choki, subiri dakika kumi, ujaribu tena. Ikiwa nyeusi kwa masizi, isugue kwa brashi ya waya au weka mpya, na upime mwanya wake, ambao kwa injini nyingi hizi ni kama milimita 0.75. Plagi mpya ni rahisi kuliko kitu kingine chochote kwenye injini hii, na mimi huibadilisha kabla sijailaumu koili inayozalisha umeme wa cheche. Kupima cheche kwa kuishika plagi mkononi karibu na tundu lake, mvuke wa petroli ukitoka, ni hatari ya moto. Kuna kifaa cha kupimia kinachofungwa kati ya waya na plagi, tumia hicho.

Chanzo nikikutacho mara nyingi zaidi baada ya kiangazi ni petroli iliyochakaa. Ikikaa zaidi ya mwezi mmoja hivi, sehemu yake nyepesi inayowaka haraka huwa imepotea, na inayobaki huganda kuwa gundi ndani ya kabureta. Fungua ile bolti moja iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukiwa umeziba petroli ya tangi, na upokee kwa kikombe cha kioo. Iangalie kwenye mwanga. Petroli nzima ni nyepesi na harufu yake inachoma pua. Iliyochakaa ina rangi ya chai na inanuka vanishi. Chini ya kikombe unaweza kuona tone linalotembea peke yake kama ushanga, halichanganyiki na kitu: hayo ni maji. Yameingia kwa mtungi uliooshwa haukukauka, au kwa kifuniko cha tangi mashine ikinyeshewa nje. Katikati ya kabureta kuna jeti yenye tundu dogo sana. Ukilitazama dhidi ya anga na usione mwanga ukipita, limeziba. Lizibue kwa upepo wa kompresa au uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma hulipanua, na ukilipanua injini haitatulia tena.

Petroli ya chupa za kando ya barabara ina shida yake nyingine, kwani huwezi kujua kama imechanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Dalili za mafuta ya taa ni injini kukataa kuwaka ikiwa baridi, kugonga ndani ikiwa na kazi, na moshi wenye harufu ya jiko la stovu. Mwaga yote, suuza tangi, nunua kwenye kituo.

Inawaka, halafu inazima

Ikifanya kazi vizuri dakika tano au kumi kisha ikazimika taratibu, na baada ya kupumzika ikawaka tena, legeza kifuniko cha tangi mara tu inapoanza kufifia. Ukiona imepata uhai, tatizo ni tundu la hewa la kifuniko. Petroli ikishuka, hewa inatakiwa iingie mahali pake. Isipoingia, petroli inagoma kushuka. Vumbi la Nakuru la Januari na Februari huliziba tundu hilo, na nyigu nao hujenga kwa udongo popote wanapoona tundu linalowafaa, kwa hiyo mashine iliyokaa stoo ichunguzwe hapo na kwenye mdomo wa salensa.

Ikizima ndani ya sekunde chache, au sauti yake ikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila wewe kugusa kitu, petroli inafika pungufu. Jeti imeziba nusu, au gasketi kati ya kabureta na injini inavuta hewa ya pembeni. Kaza bolti za kabureta kwanza. Kama inakubali kufanya kazi choki ikiwa imefungwa nusu tu, umepata uthibitisho, rudi kwenye kusafisha jeti.

Haina nguvu

Tazama kisu na urefu wa nyasi kabla ya kuishuku injini. Nyasi za sentimita 15 huzikati hadi 4 kwa mara moja. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa pasi moja. Pandisha magurudumu hadi alama ya juu, pita, acha siku mbili tatu, shusha, pita tena. Kikuyu hasa ina mkeka mnene chini, na mashine yoyote ikizamishwa humo itakoroma na kuzima.

Kisha chujio la hewa. La karatasi lipigwe polepole kwenye ubao mgumu, lisioshwe kwa maji, na likiwa jeusi hata baada ya hapo libadilishwe. La sponji huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Wakati wa vumbi mimi hulitazama kila siku ya kazi. Watu wengine hulitoa kabisa ili injini "ipumue". Injini hiyo itakula vumbi la moramu, ringi za pistoni zitaisha, na mwaka hautapita kabla haijaanza kula oili.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakifikirii, nacho ni mwinuko. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, Eldoret karibu 2,100. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa inapungua. Pale Nakuru, zaidi ya sehemu moja ya tano ya nguvu iliyoandikwa kwenye boksi haipo. Na kwa kuwa hewa imepungua lakini petroli inayopita kwenye jeti haijapungua kwa kiwango kilekile, mchanganyiko unakuwa mzito: moshi mweusi, plagi yenye masizi, petroli inayoisha haraka. Mwalimu mmoja aliyehamishwa kutoka Kisumu alileta mashine yake Nakuru ikiwa nzima, na ndani ya mwezi mmoja alikuwa ameambiwa anunue kabureta mpya. Hakuihitaji. Kwa injini nyingi watengenezaji wana jeti ndogo zaidi ya sehemu za juu, muulize muuzaji wa vipuri kwa namba ya injini yako. Ukirudi kukaa chini, rudisha jeti ya awali, la sivyo injini itapata petroli pungufu na kuchemka.

Moshi

Mweusi nimeuzungumzia: petroli nyingi, hewa kidogo, choki iliyosahaulika. Wa bluu au mweupe mzito ni oili inayoungua. Ukitokea mara baada ya kuilaza mashine, utaisha wenyewe. Ukitokea baada ya kuongeza oili, pima tena, huenda umezidisha, na iliyozidi ipunguzwe. Ukiendelea kila siku huku oili ikishuka kwenye kijiti, ringi au vali zimechoka, na mtu anayekuuzia dawa ya kuongeza kwenye oili anakuchelewesha tu.

Inatetemeka: zima sasa hivi

Dalili hii haina "nimalizie kile kipande". Achilia leva, subiri kisu kisimame, chomoa waya wa plagi, vaa glavu nene. Mtetemo unamaanisha kitu kizito kinazunguka nje ya mstari wake karibu na miguu yako, na kinaweza kutoka.

Jaribu bolti ya kisu. Ikiwa imelegea, usiikaze tu ukaendelea. Itoe, tazama kama nyuzi zake zimekula, na kama washa yake bado ipo. Kisha pima kisu kama kimepinda: pima umbali kutoka ncha moja hadi ukingo wa bodi, zungusha nusu kwa kijiti, pima ncha ya pili mahali palepale. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu hicho kimekwisha kazi. Kisinyooshwe kwa nyundo.

Tena kisichomelewe. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ninawaheshimu mafundi wa jua kali, wanatengeneza vitu vingi vizuri, na huku kwetu mtu akiona kisu kimepasuka jambo la kwanza ni kukipeleka kwa mchomeleaji. Chuma cha kisu kimepikwa kwa kipimo maalumu ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Moto wa kuchomelea unaondoa mpiko huo pale pale penye mshono, na mshono ndio utakaokatika kisu kikiwa kasi. Kipande kinachotoka hakichagui mtu. Nunua kisu kipya chenye urefu na tundu la mashine yako.

Kama kisu kimenyooka, huenda kimenolewa upande mmoja zaidi ya mwingine. Kitoe, pigilia msumari ukutani, kitundike kwa tundu lake la katikati kikiwa kimelala sawa. Ukiona ncha moja inazama, hiyo ndiyo nzito. Iguse kwa tupa nyuma ya makali, tundika tena, mpaka kisu kikae bila kuchagua upande. Unaponoa, fuata mteremko wa makali uliokuwepo, pande zote mbili idadi ileile ya mipito ya tupa. Graina, mashine ya umeme ya kunolea, inafaa ikiwa mkono ni mwepesi na chuma hakibadiliki kuwa bluu. Kikishakuwa bluu, ugumu wake umeondoka.

Kisu kizima, kimesawazishwa, bolti imekaza, na bado inatetemeka? Angalia bolti zinazoishika injini kwenye bodi. Za mwisho kabisa: toa plagi, mtu avute kamba taratibu huku wewe, mikono mbali, unatazama kichwa cha bolti ya kisu. Ikiwa kinachora duara badala ya kuzunguka mahali pamoja, shafti ya injini imepinda. Mashine hiyo isiwashwe tena mpaka fundi aifungue, na mara nyingi gharama yake inakaribia injini nyingine.

Imekata, lakini uwanja umeharibika

Inama uchukue unyasi mmoja uliokatwa. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka na ya kijani. Kisu butu huirarua, ikawa na nyuzinyuzi nyeupe, na baada ya siku mbili uwanja wote una rangi ya kahawia kwa juu. Watu humwaga maji na mbolea wakidhani ni ukame, na kilichohitajika ni tupa.

Mistari ya nyasi zilizobaki kati ya pasi na pasi inatokana na kupitisha mashine bila kupandanisha, au ncha za kisu zilizolika. Ngazi ngazi ni magurudumu yaliyo kwenye alama tofauti. Yote manne yawe sawa. Mafungu ya nyasi yanayodondoka nyuma ni nyasi mbichi au bodi iliyoganda ndani. Na ikiwa umefunga kisu mwenyewe jana na leo hakikati chochote, umekifunga juu chini: yale mabawa yaliyopinda kwenye ncha yanatakiwa yatazame bodi, si ardhi.

Mashine inayojiendesha ikikataa kutembea, kaza kebo yake kwanza, halafu angalia mkanda chini ya kifuniko kama umelika au umeteleza.

Kisu hakisimami ukiachilia leva

Nchini Marekani, tangu Juni 1982, kanuni inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya mwendeshaji kuachilia leva, na leva ya aina hiyo ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi zinazouzwa hapa. Jipime mwenyewe: washa mahali patupu pasipo na mawe, achilia, hesabu huku ukisikiliza. Ikipita sekunde 3, kebo imelegea, springi imechoka au breki ya flaiwili imelika.

Lakini chanzo ninachokikuta mara nyingi si kuchakaa. Ni kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kuizunguka leva na mpini, ili mkono usichoke. Anayefanya hivyo kwa kawaida ni kijana anayekata viwanja vitatu kwa siku, na kiganja kinamuuma kweli. Akiteleza, mashine inaendelea bila yeye. Akiiacha ikinguruma ili aokote jiwe mbele, kisu kinazunguka. Akiinama kutoa nyasi, hakuna kilicho kati ya mkono wake na kisu. Wewe mwenye mashine ukiajiri mtu, ifungue tyubu hiyo mwenyewe na umwambie sababu, kisha mpe mapumziko ya kila nusu saa na glavu, kwa kuwa kiganja kinachouma ndicho kilichoileta. Tazama pia kama kebo ni kavu na ngumu: matone machache ya oili ndani ya ala yake hupunguza nguvu inayotakiwa kuibana leva, na mara nyingi huko ndiko uchovu ulikoanzia.

Ikiwa breki yenyewe ndiyo imelika, hakuna marekebisho ya nyumbani. Mashine ibaki hapo ilipo, waya wa plagi ukiwa nje, mpaka breki mpya ifungwe, hata kama nyasi zimefika magotini.